Paragrafu moja ibebe jambo moja

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji tuseme neno kuhusu ukurasa huo wenyewe. Barua zinazotoka hapa Bukavu zina hoja nzito: mitaro, maji, karo za shule, bei ya makala ya kupikia, usalama wa watu wanaosafiri ziwani. Walioziandika wanayajua mambo hayo kwa sababu wanaishi ndani yake. Kinachowaangusha ni paragrafu. Barua moja inafika ikiwa ukuta wa mistari arobaini usio na mlango wala dirisha. Nyingine imekatwakatwa, kila sentensi imekaa peke yake kama orodha ya bei.

Msomaji wa barua ya kwanza anachoka kabla ya kuifikia hoja. Wa ya pili anakutana na hoja kumi asijue ipi inaibeba nyingine. Sisi ni walimu wa lugha, tunafundisha Kiswahili na Kifaransa, na tunasema bila kusita kwamba kasoro hii inatibika kwa jioni chache za mazoezi. Mtu aelezwe tu paragrafu inafanya kazi gani na huharibikia wapi.

Tuanze na jina. Vitabu vya Kiswahili sanifu vinaiita aya. Hapa kwetu neno hilo linampeleka mtu moja kwa moja kwenye Kurani au Biblia, ndiyo maana darasani watu husema paragrafu, nasi tutasema hivyo. Asili yake ni Kigiriki: paragraphos ulikuwa mstari mfupi uliochorwa pembeni mwa maandishi kumwonyesha msomaji kwamba hapo pana badiliko. Nafasi tunayoiacha leo mwanzoni mwa mstari inafanya kazi ile ile. Anayeiweka mahali ambapo jambo halijabadilika anampotosha msomaji. Anayeisahau mahali ambapo limebadilika anamwacha njia panda.

Kiswahili kina neno jingine linaloeleza jambo hili vizuri zaidi, nalo ni fungu. Wasomaji wa Biblia husema fungu la maneno. Sokoni Kadutu nyanya huuzwa kwa fungu. Mama muuzaji hachanganyi nyanya, vitunguu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika fungu moja, kwa sababu mpita njia akitupa jicho mara moja anapaswa kuona kinachouzwa ni nini na ni kiasi gani. Paragrafu nayo ni fungu. Kikiingia kitu cha aina nyingine, hata kama ni kizuri, mnunuzi anasita.

Jambo moja la paragrafu hupatikana kabla ya kuandika, si baada. Chukua karatasi umalizie maneno haya: «Hapa nataka msomaji ajue kwamba…» Umalizie kwa sentensi nzima yenye kitenzi. Ukiandika «mitaro» peke yake, bado hujapata jambo, umepata kichwa cha habari tu. Ukiandika «mitaro yetu inaziba kwa sababu hakuna anayeizibua kabla ya Septemba», hapo umepata. Na kama huwezi kumalizia bila kuongeza «na tena», basi mkononi una paragrafu mbili.

Tazameni mfano huu, tuliouandika kwa kufuata sura ya barua nyingi zinazoletwa magazetini: «Mitaro ya avenyu yetu imejaa taka na mvua ikinyesha maji yanaingia katika nyumba, watoto wanaumwa tumbo na shule iko mbali, shefu wa kartiye alituahidi mwaka jana na vijana hawana kazi wangeweza kupewa majembe, kule juu watu wanajenga bila mpango na udongo unashuka, tunaomba wakubwa watusaidie.»

Kila neno humo huenda likawa kweli. Lakini hesabuni mambo: taka mtaroni, maji ndani ya nyumba, ugonjwa wa watoto, umbali wa shule, ahadi ya shefu (mkuu wa mtaa), vijana wasio na kazi, ujenzi wa mlimani, ombi. Ni mambo manane na nukta moja. Tena sababu za tatizo zimetenganishwa: taka iko mwanzoni, udongo wa mlimani uko karibu na mwisho, na katikati yake pamejaa matokeo na lawama. Msomaji hawezi kuziunganisha sababu hizo mbili, ingawa ndizo kiini cha barua. Shule haina mahali kabisa.

Ukichagua sababu ziwe jambo la paragrafu, unapata kitu kama hiki: «Mitaro ya avenyu yetu inaziba kwa sababu mbili zinazokutana. Juu ya mlima watu wanachimba udongo ili wapate uwanja wa nyumba, na udongo huo unaachwa bila ukuta wa mawe wa kuuzuia. Mvua za Septemba zikianza, unateremka hadi mtaroni. Humo unakuta mifuko ya plastiki na maganda ya ndizi yaliyotupwa tangu Juni, wakati mtaro ulipokuwa mkavu. Vitu hivyo vikishikamana vinakuwa kizibo, na maji yanapanda hadi kwenye nyumba za chini.»

Angalieni jinsi sentensi hizo zinavyopokezana. Ya kwanza inatangaza kwamba sababu ni mbili na kwamba zitakutana, kwa hiyo msomaji anajua cha kusubiri. Ya pili inataja udongo na kusema «udongo huo». Ya tatu inaufuata udongo huo huo kwa kiambishi u- tu, «unateremka», ikaishia mtaroni. Ya nne inaanzia pale pale: «humo». Ya tano inakusanya vyote viwili kwa «vitu hivyo». Kila sentensi inashika kitu ambacho msomaji anakijua tayari na kuongeza kitu kipya. Hiyo ndiyo siri kubwa ya paragrafu inayosomeka, nayo haihitaji neno lolote gumu.

Mambo mengine ya barua ile hayapotei. Maji ndani ya nyumba na ugonjwa wa watoto ni paragrafu ya pili. Ahadi, vijana na majembe ni ya tatu, na ombi liwe humo humo. Umbali wa shule usubiri barua nyingine.

Sentensi ya kwanza ndiyo inayostahili jasho kuliko zote. Inapaswa kuwa na vitu viwili: jambo linalozungumzwa na neno unalolisema juu ya jambo hilo. «Bukavu ni mji uliojengwa kando ya Ziwa Kivu» ina la kwanza lakini haina la pili, maana hakuna anayebisha wala anayengoja maelezo. «Maisha ni magumu» ni pana mno. Paragrafu mia moja hazitaijaza. «Mvua ilianza saa tisa alasiri» ni nyembamba mno. Ukishaisema hakuna cha kuongeza. Sentensi nzuri ya kufungulia ni ile ambayo msomaji akiisoma anauliza mara moja «kwa nini?» au «kivipi?», nawe una sentensi nne za kumjibu.

Kanuni hii haikuzaliwa kwetu, ila inatufaa. Mskoti Alexander Bain, aliyefundisha Aberdeen, aliiandika mwaka 1866 pamoja na nyingine kadhaa: sentensi ya mwanzo ionyeshe wazi paragrafu inahusu nini, na yote yanayofuata yatumikie lengo lile lile bila kuchepuka. Tangu hapo shule za nchi nyingi zimeirudia. Wapo wanaopendelea kuiweka sentensi hiyo mwishoni, hasa katika masimulizi ambamo msomaji anapelekwa polepole hadi kwenye tukio. Kwa barua ya gazetini tunashauri iwe mwanzoni daima. Msomaji wa gazeti amesimama, yuko ndani ya taksi, au anangoja zamu ya kuchota maji. Hatakungoja hadi mstari wa kumi.

Methali ni mtego hapa. Tunazipenda, na mtu akianza na «Haba na haba hujaza kibaba» anajisikia ameanza vizuri. Lakini methali inafaa kwa mambo elfu, na kwa sababu hiyo haimwambii msomaji wewe utazungumzia lipi kati ya hayo elfu. Inakaa kwenye kiti cha sentensi ya kwanza bila kufanya kazi yake. Tatizo ni lile lile kwa wanaoanza na «Tangu kuumbwa kwa ulimwengu» au «Kama tunavyojua sote», mazoea tuliyoyabeba kutoka kwenye insha za shule. Futa sentensi hiyo uangalie inayofuata: mara nyingi utakuta kwamba hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Sasa tuingie katikati ya paragrafu, mahali ambapo wengi huishiwa. Tuchukue jambo linalojulikana na kila mtu wa ziwani: «Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa sambaza hupata samaki wachache.» Hiyo ni sentensi ya kufungulia, kwa maana inamfanya msomaji aulize kwa nini. Anayeishiwa ataandika: «Kwa kweli wanapata wachache sana. Hali hii inasikitisha. Wavuvi wanateseka.» Amesema jambo moja mara nne na hakumjibu aliyeuliza.

Anayejua kujaza paragrafu atashika swali la kwa nini na kulijibu hatua kwa hatua: «Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa sambaza hupata samaki wachache. Sambaza huvuliwa kwa taa: mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa chini, na taa huwashwa juu ya maji. Gizani mwanga huo huwavuta samaki hadi juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haina tena nguvu ya kuwakusanya, na samaki hubaki wametawanyika. Ndiyo maana katika siku hizo wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu.»

Vitu vilivyoijaza ni vya kawaida: kifaa na jinsi kinavyofanya kazi, sababu, hali inayobadilika, matokeo yanayoonekana kwa macho. Penye hoja ya bei utaweka bei ya jana na ya leo. Penye hoja ya barabara utaweka umbali na muda wa safari. Ukiona huna hata kimoja cha kuweka, ujue tatizo si lugha. Hujapata habari bado. Nenda ukaulize kwanza.

Jaribu gumu zaidi ni jambo la kweli lisilo la paragrafu hiyo. Sambaza hawakuwamo katika Ziwa Kivu tangu mwanzo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni habari nzuri, na mwandishi anayeijua anawashwa kuiweka. Lakini paragrafu ile inajibu kwa nini usiku wa mbalamwezi una samaki wachache, na asili ya sambaza haijibu hilo. Ukiichomeka kati ya taa na mwezi, umekata kamba inayoziunganisha sentensi. Iandike pembeni ya karatasi. Inaweza kufungua paragrafu yake yenyewe, juu ya jinsi ziwa ambalo katikati yake hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini lilivyokuja kulisha miji miwili mikubwa, Goma na Bukavu.

Juu ya kamba hiyo tuna mengi ya kusema, kwa sababu hapa ndipo vitabu vya Kifaransa haviwezi kutusaidia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo mtoto hujifunza kupanga insha kwa Kifaransa, na insha anayoandika kwenye mtihani wa taifa, ule tunaouita Exetat, ni ya Kifaransa. Akija kuandika Kiswahili analeta zana za lugha nyingine na kuziacha sandukuni zana za lugha yake.

Zana ya kwanza ni ngeli, yaani makundi ya majina yanayoamua kiambishi cha kitenzi. Linganisheni sentensi hizi. «Mtumbwi uligonga jiwe na taa ikavunjika. Asubuhi ilitengenezwa.» Hakuna anayeuliza kilichotengenezwa ni nini: i- inarudi kwenye taa. Sasa hii: «Mtumbwi uligonga jiwe na wavu ukachanika. Asubuhi ulitengenezwa.» Mtumbwi ni u-, wavu ni u-, msomaji amepotea. Ngeli zikitofautiana, kiambishi kinatosha na huna haja ya kurudia jina. Zikifanana, rudia jina bila kuona aibu: «Asubuhi mtumbwi ulitengenezwa, wavu ulitupwa.» Shuleni tumefundishwa kwamba kurudia neno ni kosa. Katika hali hii kutolirudia ndiko kosa.

Katika mazungumzo ya mitaani hapa kwetu tunasema «ile mutu», «ile kitu», «ile maji», na tunaelewana vizuri. Hatuoni haya juu ya Kiswahili hicho, ni chetu. Lakini anayesema ana kidole cha kuelekeza, ana macho, na anayemsikiliza anaweza kumkatiza amuulize. Karatasi haina kidole. Ukiandika «ile» kwa kila kitu, umevunja mwenyewe kamba ambayo ngeli zilikufungia bure, na katika paragrafu yenye watu watatu na vitu vinne msomaji hataweza kuifunga tena.

Zana ya pili ni o ya kurejelea. Huu, hii, hiki, hizi ni vya kitu kilicho karibu nawe. Huo, hiyo, hicho, hizo ni vya kitu kilichokwisha kutajwa. Katika mfano wa mitaro tuliandika «udongo huo», si «udongo huu», kwa sababu udongo huo haupo mezani kwa msomaji. Upo katika sentensi iliyotangulia. Barua nyingi hutumia «hii» mahali pote, na kila mara msomaji anainua kichwa kidogo akitafuta kitu kipya. Badilisheni o hizo peke yake katika rasimu mtaona paragrafu inavyojikaza.

Zana ya tatu ni -ka-, ambayo ni nzuri na ya hatari. «Mvua ilinyesha, mtaro ukajaa, maji yakaingia.» Tukio la kwanza linabeba -li-, yanayofuata yanaegemea kwake. Kwa hiyo paragrafu mpya inayosimulia irudi kwenye -li-. Ukiifungua kwa «Wakaja maofisa», msomaji anapanda juu kutafuta walifuata nini. Tena -ka- inasema mpangilio wa matukio, haisemi sababu. «Shefu akaondoka, taka zikajaa» haimaanishi kwamba taka zilijaa kwa kuwa shefu aliondoka. Kama ndicho unachodai, sema wazi «kwa sababu», na uwe na ushahidi.

Maneno ya kuungia, kwa upande wake, yanatumika kupita kiasi. Kwa upande mmoja, kwa upande mwingine, aidha, isitoshe, zaidi ya hayo: mtu akizoea disertasio, ile insha ya Kifaransa ya shuleni, anaweka moja mbele ya kila sentensi kama kofia. Kipimo ni kimoja. Lifute usome tena. Kama maana haijabadilika, liache limefutika. «Lakini» na «hata hivyo» kwa kawaida hazifutiki, kwa sababu zinageuza mwelekeo. Kosa baya zaidi ni «hata hivyo» mahali ambapo hakuna kinachopingana na kilichotangulia. Msomaji anatafuta mgongano ambao haupo, na akishaukosa haamini tena maneno yako ya kuungia.

Kuhusu urefu, watu hutaka namba, nasi tunatoa. Kwa insha ya darasani paragrafu ya sentensi tano hadi nane, maneno 80 hadi 150, inatosha. Kwa gazeti ziwe sentensi nne hadi sita, na ukivuka maneno 100 uwe na sababu. Sababu yenyewe ni safu ya gazeti. Kwenye kaye, yaani daftari, mstari mmoja unaingiza maneno kama kumi. Kwenye safu nyembamba unaingiza matano. Mistari kumi na mitano ya kaye inakuwa mistari thelathini gazetini, na jicho halioni mahali pa kupumzika. Skrini ya simu ni nyembamba vilevile.

Namba hizo tumezipunguza makusudi kuliko zile za vitabu vya Kifaransa. Neno moja la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. «Hawakutueleza» ni neno moja. Kifaransa kinahitaji maneno sita kusema hilo hilo. Maneno 150 ya Kiswahili yana habari nyingi kuliko maneno 150 ya Kifaransa, na msomaji anahitaji kupumzika mapema zaidi. Ndani ya paragrafu, sentensi inayopita maneno 25 ichunguzwe. Mara nyingi utakuta «ambayo» mbili au koma iliyofanya kazi ya nukta.

Mwisho wa paragrafu hauhitaji sherehe. Anayejua mashairi atatuelewa haraka: ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) kumi na sita, nane kwa nane, na kanuni ya utoshelezi inataka ubeti huo ujitosheleze, ubebe jambo hadi litimie. Paragrafu inadaiwa utoshelezi, haidaiwi kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa. Ikishajibu swali iliyolifungua, isimame. «Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba mitaro yetu kweli inaziba» inarudisha msomaji alikotoka. Kama una sentensi ya kufungia, iwe ya matokeo, kama ile ya wavuvi wanaoshona nyavu.

Kuna kipimo kimoja cha barua nzima tunachokitumia kuliko vyote: soma sentensi za kwanza tu za paragrafu zote, ukiruka zilizobaki. Kwa barua ya mitaro zingekuwa hivi. «Mitaro ya avenyu yetu inaziba kwa sababu mbili zinazokutana.» «Maji yanayofurika yanaleta ndani ya nyumba uchafu unaowaharisha watoto.» «Vijana wa kartiye wanaweza kuizibua kabla ya Septemba wakipewa majembe kumi na toroli mbili.» Hiyo ni barua kamili yenye sentensi tatu. Kama sentensi zako hazishikani hivyo, usihangaike na maneno. Panga upya mafungu.

Kwa sababu hiyo tunashauri uanze na sentensi hizo. Andika sentensi tatu za kufungulia, uache mistari sita chini ya kila moja, ndipo ujaze. Ukimaliza soma kwa sauti. Kisha mpe mtu asiyeijua avenyu yako, umwonyeshe paragrafu moja, umuulize: «Hapa nimesema nini?» Akijibu kwa mambo mawili, igawanye. Akijibu kwa maneno yako mwenyewe ya sentensi ya kwanza, umefika. Akisema «unalalamika», hajaona jambo. Rudi kwenye karatasi ya «nataka msomaji ajue kwamba».

Wanaotuma kwa simu wakumbuke mambo mawili. Alama ya paragrafu iwe mstari mmoja mtupu, kwa maana nafasi ya mwanzoni mwa mstari hupotea njiani. Kwenye karatasi ya mkono acha upana wa vidole viwili. Na usibonyeze kitufe cha kushuka mstari kila unapofika ukingoni mwa skrini. Wewe unaona barua nzuri, ila ikifika ofisini kwa mhariri mistari inakatika katikati ya sentensi, na mtu mwingine analazimika kukisia paragrafu zako zilikuwa wapi.

Ombi letu kwako, Bwana Mhariri, ni juu ya kukata. Tunajua nafasi ni ndogo na barua lazima zipunguzwe. Barua iliyopangwa kwa mafungu inapunguzwa kwa kuondoa fungu zima, na yaliyobaki yanasimama. Tafadhali msiunganishe paragrafu mbili ili kuokoa mstari mmoja: sentensi ya kufungulia ya pili inazama katikati, na hoja yake inaonekana kama mkia wa ile ya kwanza. Kama hii yetu ni ndefu mno, ondoeni fungu la Bain na la mashairi. La ngeli liacheni.

Walimu wa lugha,
Kadutu, Bukavu